Niliacha Krimu Ikauke

Mke wangu aliigundua ile kazi kwa bahati tu, na mimi nilikuwapo. Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo saluni alikoajiriwa haikufunguliwa, naye alikuwa ameniletea draya mbovu ya kukaushia nywele, mali ya tajiri wake, niitazame. Draya hiyo ilitoka dukani ikiwa nyeupe, lakini miaka ya joto na jua la dirishani ilikuwa imeigeuza rangi ya meno ya mvuta sigara. Nilipoipindua nifungue skrubu, mke wangu akanishika mkono.

"Ngoja. Hapa pamefanya nini?"

Karibu na mdomo wa draya palikuwa na doa la ukubwa wa sarafu, jeupe pe. Akalinusa, akalikwaruza kwa ukucha, kisha akacheka peke yake.

"Ni krimu ya blichi. Ile tunapaka nywele kabla ya kutia rangi. Ilimwagika hapa wiki iliyopita, na draya ikakaa dirishani."

"Blichi inaharibu plastiki," nikasema.

Sikujua kama inaharibu. Nilisema hivyo kwa sababu kibanda kilikuwa changu na fundi nilikuwa mimi.

Kibanda chenyewe kilikuwa Kitengela, upande wa soko la mifugo, miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea mwisho. Mabati matatu ukutani, moja juu, na mbele ubao wa kuwekea vitu vya wateja. Nilitengeneza redio, kaseti, pasi na saa za mezani. Kazi niliisomea kwa fundi mmoja mzee kule Nairobi, na jambo alilonitia kichwani ni kwamba kitu kinaishi ndani. Ganda si kitu. Kwa hiyo redio yako ningekurudishia ikiimba, lakini ikiwa bado na vumbi la simiti, mafuta ya mikono, na labda alama ya kidole changu iliyoongezeka. Watu walishukuru wakaondoka, nami nikajihesabu kuwa nimemaliza.

Mwaka uliofuata saluni ilifungwa kwa sababu mwenyewe alirudi kwao, na mke wangu akabaki nyumbani. Wasichana wetu wawili walikuwa shule. Kukaa bure kulimshinda; baada ya wiki moja akaanza kuja kibandani, akiketi kwenye mtungi wa rangi uliopinduliwa. Mwanzoni alifagia. Halafu akaanza kufuta vile vitu vilivyokwisha kutengenezwa, kwa mswaki mkuukuu na spiriti kidogo. Sikumkataza. Niliona ni kama anapanga vyombo.

Mteja wa kwanza aliyenifumbua macho alikuwa mzee mmoja wa Kimaasai kutoka nyuma ya mto. Redio yake ilikuwa ya rangi ya maziwa ilipokuwa mpya. Alipoileta ilikuwa ya manjano kama samli, na ule mpira wa mpini ulikuwa umeyeyuka, ukishikika kama asali iliyoganda. Spika ilikuwa imekufa. Nilifanya kazi siku mbili nikaifufua. Mke wangu akaniomba abaki nayo siku moja zaidi.

Aliufuta ule utando wa kunata wa mpini kwa spiriti, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka matambara matano yakawa meusi na mpira ukawa mkavu. Akaupaka glisirini usije ukapasuka. Kisha akalifungua ganda, akalisugua kwa sabuni, akalipaka krimu ya blichi kwa brashi ya nywele, akalifunga kwa nailoni na kulianika juu ya bati. Kila baada ya muda mfupi alikuwa akiinuka kuligeuza na kuongeza krimu. Jioni akaliosha. Lilikuwa jeupe kama yai.

Mzee alipokuja aliitazama redio, akatikisa kichwa.

"Hapana. Hii si yangu. Nipe yangu."

"Ni yako, mzee," mke wangu akasema. Akaigeuza, akamwonyesha herufi mbili ambazo mzee mwenyewe alizichonga kwa kisu chini yake.

Mzee akazipapasa. Akaipapasa redio yote, pembe kwa pembe, kisha akamshika mke wangu mkono kwa mikono yake miwili. "Ashe oleng, yeyo. Ashe oleng." Asante sana, mama. Akawasha redio, ikaimba, akaizima bila kusikiliza. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na chuma cha kulehemu mkononi. Akaniinamishia kichwa tu, akaenda.

Nilimwambia mke wangu, "Angalia. Spika mpya, waya mpya, na hata hakusikia."

"Amefurahi," akasema. "Si ni yetu sote?"

Nikasema ni yetu sote.

Siku zilizofuata neno likaenea. Mwenye bucha jirani alileta rimoti ya televisheni ya hoteli yake, iliyojaa mafuta ya nyama mpaka vitufe vimezama. Akaondoka nayo ikiwa safi, vitufe vikiruka vikiguswa. Makarani walileta vikokotoo ambavyo namba zake zilikuwa hazionekani. Mama mmoja alileta simu ya mezani yenye waya uliokauka na kupasuka. Na wote, wakifika mbele ya ubao, walichungulia nyuma yangu.

"Fundi, mama yuko?"

Ningeuliza shida ni nini. Wangesema, "Ah, ni ile kazi ya mama. Nitangoja."

Nitasema ukweli, maana nimeamua kuandika haya niseme ukweli. Nilimwonea wivu mke wangu mwenyewe. Mtu akimwonea jirani wivu anaweza kufunga mlango akalala. Mimi nililala naye, nikala chakula chake, na kila alipopitisha dole gumba juu ya plastiki kuona kama ni laini, nilisikia kama ananifuta mimi. Nilianza kumsahihisha mbele ya wateja. "Usiweke spiriti nyingi." "Hiyo skrubu si ya hapo." Aliitikia kila mara, "Sawa, baba watoto," kwa upole, na huo upole ndio uliozidi kuniudhi.

Mteja aliyempenda kuliko wote alikuwa mama mmoja Msomali, mwenye duka la jumla la vitambaa na sukari. Mji mzima ulimwita Mama Duka. Kwao ni mbali, kaskazini-mashariki, na ndugu zake walikuwa wametawanyika. Wengine walikuwa wameshavuka bahari. Hawakuandikiana barua. Walirekodi maneno kwenye kaseti na kuzituma kwa mikono ya wasafiri, na Mama Duka alikuwa akizisikiliza nyuma ya duka akijibu kwa sauti kana kwamba wamo chumbani. Kwanza alileta vikokotoo vyake vinne. Vilipotoka safi, alimwita mke wangu "abaayo", yaani dada, na akawa akimtumia chai ya maziwa yenye viungo kila siku saa nne. Kikombe kimoja.

Kisha ikaja habari ya Kajiado. Mwalimu mkuu wa shule moja kule alikuwa amepewa msaada wa kompyuta za zamani, kumi na mbili, za manjano, vitufe vinanata kwa uchafu wa watu wa nchi nyingine. Zilikuwa zikifanya kazi, lakini aliona aibu kuwaonyesha wazazi vitu kama hivyo. Mtu alimwelekeza kwetu. Alifika kibandani akiwa amevaa suti ya kahawia, akanisalimu vizuri, akaniuliza kama mke wangu anaweza kutolewa siku tatu kwa wiki.

"Kutolewa", hilo ndilo neno alilotumia. Nikasema anaweza.

Wiki ya pili nilipanda gari la Namanga, linalopita Kajiado, bila kumwambia, nikaenda kuona. Nilijidanganya kwamba nafuata vipuri. Nilisimama nje ya ua wa shule, nikawaona. Makasha ya kompyuta yalikuwa yamepangwa kwenye nyasi, yamefungwa nailoni, yakimeta. Mke wangu alikuwa akipita katikati yake na brashi, na wanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu wamemzunguka na madaftari. Walikuwa wakiandika anayosema. Na alikuwa amevaa koti jeupe la maabara, limepigwa pasi, mikono imekunjwa mara mbili kwa sababu lilikuwa refu.

Mwalimu mkuu sikumfikiria vibaya kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mzima na alikaa mbali. Koti ndilo lililoniumiza. Nilikuwa na miaka kumi na moja katika kazi hii na hakuna aliyewahi kunipa hata aproni. Nilirudi Kitengela bila kuingia pale shuleni. Jioni alipofika na lile koti mkononi, akanionyesha kwa furaha, nikasema litachafuka kwa vumbi letu.

Ilikuwa katikati ya kazi hiyo ya Kajiado ndipo Mama Duka alipoleta redio-kaseti yake. Ilikuwa kubwa, yenye vipaza sauti viwili, zawadi ya marehemu kaka yake. Mshipi wa ndani ulikuwa umelegea ukivuta sauti za watu kama walevi. Nikaubadilisha. Ganda lilikuwa limepigwa na moshi wa mkaa na jua. "Abaayo," akamwambia mke wangu, "ifanye iwe kama siku aliniletea. Niko na wageni wa arusi Ijumaa."

Jumatano mke wangu alilipaka ganda krimu asubuhi, akalifunga, akalianika juu ya meza nyuma ya kibanda. Lakini siku hiyo ilikuwa zamu yake ya Kajiado, ya mwisho. Mwalimu mkuu alikuwa amewaalika wazazi.

"Baba watoto," akaniambia, "upepo ukifunua nailoni, uifunike. Kila nusu saa uigeuze, uongeze krimu na hii brashi. Isikauke. Ikikauka jua linaishika vibaya, inabaki na michirizi."

"Nenda. Mimi si mtoto."

"Najua wewe si mtoto." Akanigusa bega, akaenda, koti lake jeupe kwenye mfuko.

Mara ya kwanza niligeuza. Mara ya pili pia, na zilizofuata. Karibu saa sita upepo wa Kitengela ukaanza, ule wa kutoka tambarare unaobeba vumbi na makaratasi. Kutoka mahali nilipoketi niliona nyuma ya kibanda kupitia pengo la mabati. Niliona nailoni ikipepea upande mmoja. Nikaona ikifunguka. Krimu ilikuwa ikimeta, halafu ikawa haimeti.

Hapakuwa na mteja. Mikononi nilikuwa na saa ya mezani ambayo ingeweza kungoja mwaka. Hatua zilikuwa tano. Nilijiambia, nitaenda nikimaliza skrubu hii. Nikaimaliza. Nikajiambia, nitaenda nikimaliza ile nyingine. Nakumbuka nilikuwa mtulivu sana, na hicho ndicho ninachokionea aibu zaidi. Nilikaa hivyo mpaka saa nane.

Alipofika jioni alipita moja kwa moja nyuma, kabla hata ya kuvua viatu vya safari. Nilipomfuata alikuwa amelishika lile ganda lililokwisha kuoshwa, na maji yakimchuruzika mpaka viwiko. Lilikuwa na mabaka meupe na ya manjano, na michirizi iliyofuata njia za brashi, kama kitu kilichougua ngozi.

"Ulifunika?" akauliza.

"Nilifunika."

"Uliongeza krimu?"

"Niliongeza. Labda krimu yenyewe imeharibika."

Akanitazama. Kama angeniuliza mara moja tu zaidi, nadhani ningesema. Lakini alikuwa mwanamke aliyeniamini. Akainusa chupa, akamimina krimu kidogo kwenye kiganja, akaitazama kwa muda mrefu.

"Basi ni mimi," akasema. "Nilichanganya vibaya. Haraka ya kwenda Kajiado."

Alhamisi akaipeleka redio mwenyewe. Nilimfuata kwa nyuma. Mbele ya wateja wa sukari, mke wangu alikunja magoti kidogo, akasema, "Nisamehe, dada. Ni makosa yangu. Kichwa kilikuwa kwa kazi ingine." Mama Duka aliitazama redio, uso wake ukabadilika, kisha akaurudisha. Akatia kaseti. Sauti ya mzee mmoja ikatoka, safi kabisa, kwa Kisomali.

"Inaongea," akasema. "Haidhuru, abaayo." Halafu akanigeukia mimi. "Fundi, sauti ni nzuri. Asante."

Hiyo ndiyo shukrani niliyokuwa nikiingojea miaka miwili. Niliipokea nikiwa natazama magunia.

Mke wangu hakushika brashi tena. Zile chupa alizifunga kwenye boksi na kulisukuma chini ya kitanda. Mwalimu mkuu alipotuma mtu, kwamba shule jirani nayo ina kompyuta, alijibu kwamba hiyo kazi ameiacha. Wateja walipouliza, "Mama yuko?" nilisema hayupo, nao wakaenda na vitu vyao. Kibanda kikawa changu peke yangu kama zamani, na kilikuwa kimya kiasi cha kusikia mbuzi wakishushwa kwenye malori sokoni. Nilikuwa nimepata nilichotaka, na sikujua nikifanyie nini.

Miezi mitano ilipita. Jumapili moja, yeye na wasichana wakiwa kanisani, nilikwenda kwa Mama Duka nikamwomba redio, nikasema nataka kujaribu kitu. Nikalitoa boksi chini ya kitanda. Nikalifungua ganda, nikachanganya krimu kwa kukisia, nikaanza kupaka. Nilikuwa nimeinama hivyo uani wakati kivuli cha mke wangu kilipofika.

"Unaweka nyingi sana," akasema.

Sikugeuka. Nilisema yote nikiwa nimetazama plastiki. Pengo la mabati. Nailoni. Skrubu. Kwamba niliona, na sikuinuka. Nikaongeza na habari ya koti, nikijua haisaidii.

"Watoto, ingieni ndani," akawaambia wasichana. Kisha akaketi chini, na gauni lake la kanisani.

"Miezi mitano," akasema. "Miezi mitano naosha vyombo nikiangalia hii mikono. Nikijiuliza imekuwa nini. Nilifikiri Mungu ameniondolea. Na wewe ulikuwa unakula hapo, unaniangalia."

"Nisamehe, mama watoto."

"Kwa nini hungeniambia tu uko na wivu? Ningekucheka, halafu ingeisha."

Alininyang'anya brashi, akaipangusa ile krimu niliyorundika. Hakunisemesha siku tisa. Aliwatuma wasichana: mwambieni baba yenu chakula kiko tayari, mwambieni baba yenu maji yamekwisha. Siku ya kumi akanitumia ujumbe mwenyewe, ana kwa ana: niende kwa Mama Duka nimwambie nilichofanya.

Nikaenda. Mama Duka alisikiliza akipima sukari.

"Na yeye umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Basi mimi unaniambia ya nini?"

"Amenituma."

Akaweka kikombe cha kupimia chini, akacheka mpaka akajifunika mdomo na shela. "Wallahi, huyo dada yangu!" Alipotulia akanitazama kwa namna nyingine. "Fundi, mimi redio nilisamehe siku ile ile. Lakini yeye alinipigia magoti, na wewe ukasimama hapo nyuma. Hiyo si yangu kusamehe."

Redio ile mke wangu aliirudia upya, kwa siku sita za jua, pole pole. Haikurudi kuwa kama ya siku ya kwanza. Pembe moja ilibaki na kivuli. Mama Duka alisema kivuli hicho hakionekani ikiwekwa upande wa ukuta.

Baada ya hapo mke wangu alikodi chumba kidogo Kajiado, karibu na soko, akafungua kazi yake mwenyewe. Hakuniuliza, alinijulisha. Aliondoka asubuhi akirudi jioni, na nyumba yetu ikaendelea, wasichana wakakua, tukacheka tena kidogo kidogo. Lakini kulikuwa na mambo ambayo zamani angenisimulia na sasa hakunisimulia. Niliyasikia kwa watu: kwamba ameajiri wasichana wawili, kwamba amefundisha kina mama wa kanisa. Kila habari iliniuma kwanza, ndipo ikanifurahisha. Nilijifunza kungoja ile ya pili ifike kabla ya kufungua mdomo.

Kisha zikaja simu za mkononi. Miaka michache baadaye kila mtu alikuwa nayo, na zile zilizovikwa mpira laini zilianza kunata mifukoni, zikikusanya nyuzi za suruali na vumbi la tumbaku. Watu walimletea kwa mafungu. Kwangu mambo yalikuwa kinyume. Redio mpya zilikuwa rahisi kununua kuliko kutengeneza, na kibanda changu kilikaa wiki nzima bila mtu. Nilikifunga mwaka ule mwenye kiwanja alipotaka kiwanja chake.

Nilikaa nyumbani mwezi mmoja. Asubuhi moja mke wangu akiwa anafunga kitambaa kichwani akasema, "Simu zingine zinanata, lakini zingine haziwaki kabisa. Nazirudisha. Meza ya pili iko."

Hakusema njoo. Nikavaa viatu.

Siku hiyo ya kwanza aliingia mwanamume mmoja aliyetoka Rombo, karibu na mpaka, amesafiri tangu alfajiri. Alimsalimu mke wangu kwa heshima, akampa simu mbili, kisha akaniona pembeni nikipanga bisibisi zangu.

"Na huyu mzee?"

"Ni fundi wangu," mke wangu akasema bila kuinua macho.

"Fundi wangu." Nilisikia ule wivu wa zamani ukiinuka. Nilitaka kusema kwamba mimi ndiye niliyemwonyesha bisibisi. Nilitaka kumwambia yule mtu jinsi kibanda cha Kitengela kilivyokuwa, na nani alikuwa nani. Mke wangu alikuwa akipitisha dole gumba juu ya mgongo wa simu moja, akisikiliza kwa ngozi, kama alivyofanya siku zote. Ile nyingine akaisukuma mezani kwangu.

"Hii ina shida gani?" nikamwuliza mteja.

"Inawaka, lakini mtu akiongea simsikii."

Nikavuta kiti, nikaifungua.